Kaa Ukingoni, Ndege Atarudi: Kutazama na Kupiga Picha za Ndege wa Mtoni Magharibi mwa Kenya

Mgeni anayefika kwenye kambi ya kando ya mto kwa ajili ya ndege hutembea mno. Anaamka, anakunywa chai, anafuata njia ya ukingoni kilomita tatu kwenda na tatu kurudi, na jioni kamera imejaa picha za mikia inayotoweka. Ndege wa mtoni ana vituo vyake. Mdiria ana vijiti viwili vitatu anavyovulia, yangeyange ana kona yake ya maji ya kina kifupi, fundichuma ana jiwe lake analosimamia kila asubuhi. Ukimfuata anaruka kwenda kituo kingine, nawe unamfuata tena, mchezo wa paka na panya. Ukikaa karibu na kituo alichokiacha, mara nyingi atakirudia kabla ya nusu saa kwisha. Yaliyo hapa chini yanajengwa juu ya hilo: jua kituo, jua mwanga, kaa.

Pa kuanzia

Kisumu anza na Dunga, kusini kidogo mwa mji, mahali mafunjo yanapokutana na Ziwa Victoria. Ndege anayeleta watu hapo ni tiva wa mafunjo: mgongo mweusi, kifua na tumbo jekundu la kukolea, utosi wa njano iliyofifia, na mstari mweupe kwenye bawa. Haishi nje ya mafunjo. Hapa wengi hukosea, maana vichaka na bustani za Kisumu zina binamu yake mwenye tumbo jekundu vilevile, ila utosi wake ni mweusi tititi na bawa halina mstari mweupe. Ukimwona ndege mwekundu juu ya ua wa lantana karibu na hoteli, karibu kila mara ni huyo binamu. Tiva wa mafunjo utamsikia kabla ya kumwona: dume na jike huitikiana kwa kasi hivi kwamba sikio linadhani ni ndege mmoja. Simama pale penye pengo katika mafunjo, njia ya mashua au mahali palipokatwa, kwa sababu atalazimika kuvuka. Kumtafuta ndani ya kichaka chenyewe ni kupoteza asubuhi.

Msitu wa Kakamega una mito miwili ya maana kwetu, Isiukhu na Yala. Huko ndiko aliko turako mkubwa wa buluu, ndege wa karibu sentimita 75 kutoka mdomo hadi mkia, na hondohondo weusi kwa weupe ambao mabawa yao husikika yakivuma kabla hawajatokea juu ya miti. Saiwa, karibu na Kitale, ndiyo hifadhi ya taifa ndogo kuliko zote nchini, imekuwapo tangu 1974, na unatembea kwa miguu juu ya njia za mbao zinazopita kwenye kinamasi hadi kwenye majukwaa ya kutazamia. Watu huenda kwa ajili ya nzohe, swala wa kinamasi, lakini majukwaa hayo yanafaa sana kwa korongo wenye taji. Mbao huteleza kwa umande hadi saa 3 hivi. Vaa viatu vyenye meno.

Nakuru ni habari nyingine, maana ndani ya hifadhi unafanya kazi ukiwa garini. Tafuta mahali maji matamu yanapoingia ziwani, kwenye midomo ya mito Njoro, Makalia na Nderit. Ziwa ni la magadi, kwa hiyo ndege huja hapo kunywa na kuoga, heroe wakiwemo. Tangu maji yapande katika miaka ya 2010, migunga iliyokufa imesimama majini, na matawi yake makavu yamekuwa vituo vya mnandi na furukombe. Kwa mpiga picha huo ni utajiri: tawi halina majani, na nyuma yake kuna maji tu.

Jua linakokaa na mto unakoelekea

Kisumu jua huchomoza kati ya saa 12:20 na saa 12:50 asubuhi kutegemea mwezi, Nakuru dakika chache mapema zaidi. Kwa kuwa tuko kwenye ikweta, jua halina mzaha: hupanda takriban nyuzi 15 kila saa, na ikifika saa 3 tayari liko juu ya nyuzi 30. Una saa mbili na ushei za mwanga mzuri asubuhi, na saa moja na nusu jioni, basi. Kuanzia saa 4 hewa juu ya maji huanza kucheza kwa joto, na picha ya ndege aliye mita 40 itatoka kama iliyopigwa kupitia maji hata kama lenzi ni ya bei ya gari. Joto hilo halirekebishiki kwenye kompyuta. Lala, au nenda msituni kivulini.

Mito Nzoia, Yala na Nyando yote kwa ujumla inaelekea magharibi, ziwani. Maana yake asubuhi utazame upande maji yanakokwenda, jua likiwa mgongoni, na jioni utazame yanakotoka. Mto hupindapinda, kwa hiyo thibitisha kwa dira ya simu siku moja kabla, wakati wa jioni, ukiwa huna haraka. Kwenye kona inayokwenda kaskazini au kusini, chagua ukingo wa mashariki kwa asubuhi. Kambi nyingi zina ukingo mmoja tu unaofikika. Ukikuta ni ule usiofaa asubuhi, ufanye wa jioni.

Pwani ya Dunga ina bahati yake. Usiku na alfajiri upepo hutoka nchi kavu kwenda ziwani. Adhuhuri ukigeuka hutoka ziwani kuja nchi kavu. Mdiria mweusi kwa mweupe anapoelea angani akitafuta samaki huelekeza kichwa upepo unakotoka. Asubuhi, wewe ukiwa ufukoni, upepo uko mgongoni mwako na jua pia liko mgongoni mwako, naye anakutazama usoni. Alasiri anakupa mgongo na jua linakupiga machoni. Ndege ni yuleyule na mahali ni palepale, ila umechelewa saa sita.

Vifaa vya kutosha

Darubini ya 8x42 ndiyo ya kununua. Namba ya kwanza ni ukuzaji, ya pili ni upana wa lenzi ya mbele kwa milimita. Gawanya ya pili kwa ya kwanza upate upana wa mwanga unaofika jichoni, hapa milimita 5.25. Ya 10x25 inayouzwa kama ya mfukoni inatoa 2.5 tu, na alfajiri chini ya miti ya Kakamega utaona giza lililokuzwa mara kumi. Kabla ya kutoka rekebisha darubini kwa macho yako: funga jicho la kulia, zungusha gurudumu la katikati hadi la kushoto lione sawasawa, kisha funga la kushoto na uzungushe pete iliyo kwenye kioo cha kulia. Wengi hawagusi pete hiyo kabisa, halafu wanalalamika kichwa kinauma.

Kwa picha, lenzi ya milimita 400 ndiyo mahali pa kuanzia. Zile za 100-400 na 150-600 zinatosha kazi yote ya mtoni. Mwenye simu pekee asikate tamaa. Aitulize darubini juu ya ukuta au mfuko wa maharagwe, aweke lenzi ya simu katikati kabisa ya kioo cha kutazamia, asogeze milimita moja moja hadi duara jeusi litoweke. Picha hiyo haitachapwa kwenye kalenda, lakini inatosha kumtambua ndege.

Mfuko wa maharagwe ushone mwenyewe: kitambaa kigumu cha sentimita 25 kwa 35, zipu au vifungo upande mmoja, kilo moja na nusu hadi mbili za maharagwe makavu. Usiujaze ukawa mgumu kama mto wa hospitali. Lenzi inatakiwa izame ndani. Garini uweke juu ya kioo cha dirisha kilichoshushwa nusu, na uzime injini. Injini ikiunguruma, picha ya 1/250 ya sekunde itatikisika bila wewe kujua sababu.

Nguo ziwe za rangi ya udongo, kijivu au kijani kibichi cha kawaida. Mavazi ya madoadoa ya kijeshi raia wamekatazwa na sheria kuyavaa hapa Kenya, na kujieleza kwa askari barabarani kwamba unapenda ndege si maelezo mepesi.

Mdiria, hatua kwa hatua

Tumchukue mdiria mdogo wa buluu mwenye mdomo mwekundu, yule wa karibu sentimita 13 anayekaa kwenye matete. Anafaa kufundishia kwa sababu ana mazoea makali. Mwenye mdomo mweusi badala ya mwekundu ni kinda wa mwaka huu. Kama umemwona mbali na maji, kwenye vichaka vikavu, na shavu lake lina rangi ya zambarau, huyo ni ndugu yake mla wadudu, na kumngojea mtoni ni kazi bure.

Siku ya kwanza usipige picha. Kaa mita 20 hadi 25 na darubini, kuanzia alfajiri hadi saa 3, uandike kila mahali anapotua na saa. Asubuhi moja itakupa vituo viwili au vitatu anavyovirudia. Ishara nyingine ni michirizi myeupe ya kinyesi kwenye utete au jiwe. Ila michirizi hiyo ikiwa chini ya tundu la ukingo wa udongo, hicho ni kiota, na kituo hicho kifute kwenye orodha yako.

Jioni, ndege akishalala, panga mahali pako. Umbali wa mita 6 kutoka kituoni unatosha: kwa lenzi ya 400 kwenye kamera yenye kihisi kidogo (kihisi ni kile kipande kinachopokea picha), mdiria huyo atachukua zaidi ya theluthi ya upana wa picha. Ukisogea mita 12 anakuwa nusu ya hapo, na kuikata picha baadaye kunakula ubora. Maficho yawe mepesi: miti minne ya mita moja na nusu, neti nyeusi au ya kijani ya kivuli kutoka duka la agroveti, upana mita 1.2 kila upande, tundu la lenzi likiwa usawa wa sentimita 60 kutoka chini. Kaa chini kabisa. Ukipiga picha kutoka juu ukiwa umesimama, nyuma ya ndege kutakuwa na maji machafu na matope. Ukipiga kutoka usawa wake, nyuma kutakuwa na ukingo wa mbali ulioyeyuka kuwa rangi moja laini. Funga neti vizuri chini, maana inayopepea ni mbaya kuliko kutokuwa na maficho.

Kama kituo chake cha asili kimezibwa na majani, mpe kingine. Chukua tawi kavu la unene wa kidole gumba, lisilo na matawi madogo, ulichomeke sentimita 50 ndani ya matope, hatua moja au mbili kutoka kituo cha zamani, ncha ikiwa sentimita 40 hadi 60 juu ya maji na imeinama kidogo. Tawi nene humfanya aonekane kama shomoro juu ya gogo na humficha miguu. Lenye panda mbili humpa nafasi ya kukugeuzia mgongo, naye ataitumia. Nyuma ya tawi pawe wazi angalau mita 5. Liache siku mbili tatu kabla ya kuhukumu.

Ingia kwenye maficho kabla hakujapambazuka, dakika 30 kabla ya jua, na usitoke hadi umemaliza. Lenga kwenye tawi lenyewe mapema. Kwa umbali wa mita 6, lenzi ya 400 na tundu la kuingizia mwanga likiwa f/5.6, sehemu inayoonekana kali ina kina cha sentimita 5 tu. Ukilenga bawa, jicho limepotea. Weka nukta ndogo ya kulengea, uiweke jichoni. Usibofye anapotua tu, maana sauti ya shata, ule mlango wa kamera unaofunguka na kufunga, wakati huo humwondoa. Mwache atulie, atikise kichwa juu na chini mara mbili tatu akipima kina cha samaki, ndipo upige picha tatu nne, unyamaze. Baada ya mara ya tatu atakuwa ameizoea sauti.

Mwangalie samaki mdomoni. Mdiria anayekula mwenyewe hugeuza samaki kichwa kielekee kooni, ili magamba na miiba isimkwaruze. Akimshika kichwa kikiwa kimetazama nje, anampelekea mwingine, kinda au mchumba. Akikaa na samaki wa namna hiyo dakika kadhaa, anahamahama kijiti hadi kijiti akiita, haingii, basi wewe umekaa kati yake na kiota. Ondoka mara moja, mbali, bila kupiga picha ya mwisho. Kingo za udongo wanazochimba mashimo zinazidi kupungua kwa uchimbaji wa mchanga. Hawahitaji kuongezewa mwenye kamera juu ya hilo.

Kinachoharibu mpango zaidi ni maji yenyewe. Mvua ikinyesha milima ya Nandi, Yala hupanda na kugeuka rangi ya chai ya maziwa hata kama kwako anga ni jeupe. Mdiria haoni samaki kwenye maji hayo, hivyo huhamia vidimbwi vya pembeni na mifereji midogo yenye maji yaliyotulia. Mwenye kujua hubeba kiti chake akahamia huko naye. Na tawi lako huenda limechukuliwa na mkondo.

Yule mkubwa zaidi, mweusi kwa mweupe, wa sentimita 25, anatambulika jinsia kwa urahisi: dume ana mikanda miwili myeusi kifuani, jike mmoja ambao mara nyingi umekatika katikati. Akiwa anaelea angani weka shata 1/2500 au zaidi, na ulenge kwa njia ya kufuatilia. Kumpata anapopiga mbizi ni bahati nusu. Anza kubofya pale mabawa yanapoacha kupiga, kwa sababu baada ya hapo anaanguka mara moja.

Mwanga na rangi nyeupe

Kwa ndege aliyetua anza na 1/500 hadi 1/800, tundu lililo wazi kadiri lenzi inavyoruhusu, na ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, ijichague yenyewe ikiwa na kikomo cha 3200, au 6400 ndani ya msitu. Usiogope chembechembe za ISO kubwa. Picha yenye chembechembe inasafishika, iliyotikisika haisafishiki.

Yangeyange ndiye anayewashinda wengi. Kamera inaona maji meusi yamejaa kwenye picha, inadhani kuna giza, inaongeza mwanga, na manyoya meupe yanaungua yakawa kama karatasi. Tumia kitufe cha +/- upunguze kwa 1 hadi 1.7. Washa ile alama ya kumetameta inayoonyesha sehemu zilizoungua, upige moja ya majaribio, uitazame, kisha uendelee. Kwa mnandi mweusi aliyetua juu ya mti mbele ya anga jeupe fanya kinyume, ongeza 1 hadi 2, la sivyo utapata kivuli chenye mdomo. Na ukihifadhi faili za RAW, picha ghafi ambazo kamera haijazibana, una nafasi ya kusahihisha kidogo. Manyoya meupe yaliyoungua kabisa hayana dawa.

Chini ya mkuyu

Ukisikia hondohondo na ninga wakipiga kelele asubuhi kwenye mti mmoja, karibu daima ni mkuyu uliozaa. Mti mmoja wenye matunda mabivu unaweza kukushughulisha siku tatu. Turako wa buluu hukimbia juu ya matawi badala ya kuruka, na anapohama hujirusha kutoka mti mrefu akateleza kwenda mfupi. Kwa hiyo usisimame chini ya mkuyu ukipiga picha za matumbo. Panda mteremko ulio ng'ambo, au daraja, hadi uwe usawa wa matawi, uelekee njia anayotokea. Shingo yako pia itakushukuru.

Msitu una ishara nyingine: siafu. Safu yao inapopita, panzi, buibui na mende hukimbia mbele yao, na ndege wa chini ya msitu huja kuwanasa. Ukisikia milio mingi midogo ya wasiwasi sehemu moja karibu na ardhi, nenda polepole, tazama miguuni kwanza, chomeka suruali ndani ya soksi, kisha simama mita 5 kando ya safu, upande inakoelekea. Ndege ambao kwa kawaida hawaonekani watatokea wazi kwa robo saa.

Dudumizi husikika kila mahali, hasa mawingu yakikusanyika, na kuonekana ni nadra. Mngoje asubuhi baada ya mvua ya usiku, anapopanda juu ya kichaka kukausha mabawa.

Kurekodi mlio wa ndege na kumchezea kwa simu ili atoke, acha. Dume huacha kulisha ili apambane na mpinzani asiyekuwepo, na Dunga, ambako wageni ni wengi na vichaka ni vichache, tiva huyohuyo atasumbuliwa mara tano kwa asubuhi. Vivyo hivyo kumtupia furukombe samaki ili ashuke. Picha hutoka, lakini kila mtu aliyelipa ana ileile.

Majini

Mashua ya Dunga iondoke mapema, saa 12:30, kabla upepo haujageuka. Patana bei, muda na njia mkiwa bado nchi kavu. Mwambie nahodha azime injini mita 50 upande upepo unakotoka, mashua isogee yenyewe kwa upole. Ndege huvumilia kitu kinachoelea kuliko kinachounguruma. Tripodi haina kazi ndani ya mashua, hupokea kila mtikisiko wa ubao. Kaa chini, viwiko magotini, shata isishuke 1/1000. Vaa jaketi okozi tangu mwanzo. Dhoruba za Ziwa Victoria huja haraka alasiri, na wingu jeusi likionekana mnarudi, hata kama furukombe ndiyo kwanza ametua.

Viboko wako Dunga na kwenye mito mingi. Usikae kati ya kiboko na maji, na usipite njia zilizofunguliwa kwenye mafunjo kama handaki. Mafundi wa njia hizo ni wao. Jioni jua likizama ndipo wanapotoka kula, kwa hiyo maficho ya jioni yafungwe mwanga ukiwa bado unatosha kuona miguu. Maji yaliyotulia yenye konokono yana kichocho. Gambuti zinasaidia, ila zikiingia maji zivue na ukauke. Usikae nazo zimelowa asubuhi nzima. Dawa ya mbu ipake mikononi kisha ufute viganja kabla ya kushika kamera, kwa sababu nyingine hula plastiki na mpira.

Kuandika

Daftari dogo na penseli, maana wino huyeyuka. Kila ndege: saa, mahali, idadi, alichokuwa akifanya. Usiyemjua mlinganishe kwa ukubwa na unayemjua: mdogo kuliko shomoro, sawa na njiwa, mkubwa kuliko kunguru. Andika mdomo, miguu na mkia kabla ya rangi, kwa sababu rangi hudanganya kwenye mwanga wa kijani wa msitu. Merlin, programu ya simu ya kutambua ndege, hufanya kazi bila intaneti ukiipakulia orodha ya Kenya mapema. Orodha yako ina thamani zaidi ukiituma Kenya Bird Map, mradi wa kuchora ramani ya ndege wa Kenya, ambako nchi imegawanywa katika miraba ya karibu kilomita 9 kwa 9. Orodha kamili inadai angalau saa mbili za kutazama ndani ya mraba mmoja, ukiwaandika ndege kwa mpangilio uliowaona. Magharibi ina miraba mingi yenye orodha chache. Mahali pa kiota usipaandike hadharani, na kwenye picha za kusambaza zima utambulisho wa eneo.

Unyevu wa huku ni adui wa lenzi kuliko vumbi. Kamera iliyolala chumba cha baridi ukiitoa ghafla alfajiri itafunikwa ukungu kwa robo saa, na robo saa hiyo ndiyo uliyoamkia. Utoe mfuko ukiwa umefungwa dakika 30 kabla, ukae barazani. Ukirudi nyumbani usihifadhi lenzi ndani ya mfuko wake wa ngozi. Ukungu wa kuvu huanza humo, nyuzi nyeupe kama utando wa buibui ndani ya kioo, na fundi wa kuusafisha si rahisi kumpata nje ya Nairobi. Sanduku la plastiki lenye mfuniko unaobana, na pakiti za silika zinazobadilika rangi zikishalowa, linatosha. Mchele mkavu ambao watu husifia una unga, na unga huo huingia kwenye pete za lenzi.